Boti ilipauka, mtoto akaanza kuwashwa

SEHEMU YA 1

Najua niliwaahidi tuendelee na mada ya kumwanzishia mtoto uji, lakini naomba niiweke kando kwa siku chache. Kuna jambo lilinitokea nyumbani kwangu mwenyewe mwezi wa nane, nikalikalia kimya kwa aibu. Muuguzi naye ana aibu zake, jamani. Juzi kliniki nimempokea mama ana mtoto mwenye dalili zile zile. Nilipomuuliza swali moja tu, akashika mdomo. Nikasema basi, hii naitoa.

Habari yenyewe inaanza na boti. Mtasema nesi na boti wapi na wapi? Nivumilieni, tutafika kwa mtoto.

Baba watoto na mdogo wake walipata boti ya zamani ya faiba. Siyo mtumbwi wa mbao, ni zile boti nyepesi za kiwandani, ndefu kama mita 5. Mwenyewe alikuwa anahama akaiuza bila injini kwa milioni moja na laki mbili. Laki tano kati ya hizo ni hela yangu ya kikoba. Mwaka mzima nimeweka hisa, nikipanga kuezeka jiko. Nikaitoa kwa moyo mweupe, maana boti huku kwetu ni mradi. Vizimba vya kufugia samaki vimeongezeka ziwani, na Januari 2024 Rais Samia alikuja Mwanza kuzindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba kwa mkopo. Mwenye vizimba anahitaji chombo cha kupelekea chakula cha samaki kila siku. Ukiwa na boti nzuri huwezi kukosa wa kuikodi.

Shida ya boti yetu ilikuwa sura. Zamani ilikuwa ya buluu iliyokolea. Sisi tuliikuta imekuwa kama sare ya shule iliyofuliwa miaka saba. Ukiipitisha mkono, kiganja kinatoka na unga mweupe kama umeshika chaki. Chini kwenye mstari wa maji ilikuwa na doa la kahawia kuzunguka boti yote, na penye misumari ya chuma kutu ilikuwa imetiririka kama machozi.

Akaja bwana mmoja mwenye vizimba kuiangalia. Akaizunguka, akagonga gonga, akasema ni nzima. Ila akatuambia, "Wageni wangu nikiwapandisha kwenye hii wataniona nimefulia. Ing'arisheni. Nakuja baada ya wiki mbili, nikiikuta safi tunaandikishana."

Wiki mbili. Hapo ndipo haraka ilipoingia ndani ya nyumba yetu. Kesho naendelea.

SEHEMU YA 2

Asanteni kwa salamu zenu. Wengi mmeuliza boti ililetwaje nyumbani. Ilibebwa na kirikuu kutoka mwaloni, upande wa Kigongo, pale ambapo ukisimama unaliona daraja jipya likivuka kwenda Busisi. Wakailaza uani kwetu chini ya mwembe, juu ya matairi. Watoto walifurahi kama wameletewa bembea.

Shemeji akamleta fundi wa kunyoosha na kupiga rangi magari. Kijana mchapakazi kweli, simlaumu hata kidogo. Aliifanya boti kama anavyolifanya gari. Akachomeka grainda yenye jiwe la msasa mkali, akaanzia ubavu wa kulia. Alitaka aondoe ile rangi yote iliyopauka, kisha apige rangi mpya.

Sasa naomba niwaeleze kitu nilichokuja kukielewa baadaye kabisa. Boti ya faiba haikupakwa rangi kama gari au ukuta. Kiwandani wanaanza na kalibu. Ndani ya kalibu wanapaka kwanza utomvu mzito wenye rangi, mafundi wanauita jelikoti. Ukishika, wanalaza juu yake mikeka ya nyuzi za kioo na kuilowesha kwa utomvu mwingine, tabaka juu ya tabaka. Ikikauka wanaitoa kwenye kalibu, na kile walichotangulia kupaka ndicho kinakuwa nje. Jelikoti ndiyo ngozi ya boti. Ndiyo rangi yake, na ndiyo inayozuia maji yasifike kwenye nyuzi.

Na ngozi yenyewe ni nyembamba. Nusu milimita hivi. Chukua kadi ya kliniki ya mwanao, ikunje mara moja, uibane kwa vidole. Umeelewa.

Kwenye gari, ukiondoa rangi yote unakutana na bati. Bati halina neno, unapaka upya. Kwenye boti, ukipita ile nusu milimita unakutana na nyuzi za kioo. Fundi wetu alipita. Sehemu yenye upana wa kama sinia mbili za pilau, rangi ya buluu ikaisha kabisa, ikatokea kitu cha manjano chenye mistari kama gunia. Yeye akadhani amefika kwenye boti yenyewe, akaendelea.

Mwenzenu nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Niliamka saa nane mchana nikakuta uani kama kumemwagwa unga. Mwezi wa nane mnaujua upepo wake huku kwetu, kavu na hautulii. Nikajifanya mjuaji wa afya, nikaingia ndani nikawatolea zile barakoa za buluu tunazovaa zahanati, nikawaambia vaeni mtaumia vifua. Nikajiona nimetimiza wajibu.

Kisha nikaenda kwenye kamba nikaanua nepi. Nepi za kitambaa, kumi na mbili, na vifulana vya mtoto, na shuka lake. Vilikuwa na vumbi. Nikavikung'uta mara mbili tatu, nikavikunja, nikaviweka ndani.

Naomba hapo mpakumbuke.

SEHEMU YA 3

Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miezi saba. Mtoto mpole, analala usiku mzima, hata jirani alikuwa hajui kama tuna kichanga.

Usiku ule alilia kuanzia saa nne. Nikamnyonyesha, akanyonya kidogo akaacha, akajikunja, akalia. Nikampima joto, hana homa. Tumbo laini. Masikio, nikayaangalia, hayana kitu. Asubuhi nikaona vipele vidogo vyekundu kiunoni, kwenye mapaja na shingoni. Nikasema hii ni harara, joto la kiangazi. Nikamwogesha kwenye beseni, nikampaka poda, nikamvisha nepi safi.

Safi! Nilitoa kwenye lile lile fungu nililolianua.

Siku ya pili vipele vikaongezeka. Alikuwa anajisugua mgongo kwenye godoro kama ng'ombe anavyojisugua kwenye mti, na akiamka macho mekundu. Dada yake mwenye miaka minne naye akaanza kujikuna mikono. Nikasema sasa ni upele wa kuambukizana, umeingia ndani ya nyumba. Nikaleta ile dawa ya kupaka mwili mzima. Nimeitoa kwa wagonjwa mara nyingi sana, naijua inavyochoma hata mtu mzima mwenye ngozi iliyochubuka. Ilikuwa mezani, kifuniko nimeshafungua.

Kilichonizuia si utaalamu, mama zangu. Ni umeme kukatika. Nikasema nitampaka asubuhi kukiwa na mwanga.

Asubuhi nikaingia kazini nimechoka, macho mazito. Kuna sista mmoja pale ni mkubwa kwangu sana, anakaribia kustaafu, sote tunamwita mama. Akaniuliza kulikoni. Nikamsimulia kama tunavyokabidhiana wagonjwa: miezi saba, hana homa, vipele siku ya tatu, wa pili naye anawashwa. Hakuuliza habari ya dawa. Akaniuliza, "Nguo zake unaanika wapi?"

Nikamwambia uani, chini ya mwembe.

"Na uani kuna nini siku hizi?"

Mama zangu, nilishindwa kujibu. Swali hilo mimi humuuliza kila mama anayekuja na mtoto mwenye vipele. Umebadilisha sabuni? Mmepiga dawa ya wadudu? Kuna kazi gani inafanyika nyumbani? Nalijua kwa moyo. Kwangu mwenyewe sikuliuliza, kwa sababu nilimwona fundi, nikaliona vumbi, nikawagawia watu wazima barakoa na nikaona yamekwisha.

Hata mikono yangu mwenyewe ilikuwa inaniwasha, pale ninapompakata. Nilidhani ni sabuni ya kazini.

SEHEMU YA 4

Niliomba ruhusa nikarudi nyumbani. Nikafunga pazia, nikawasha tochi ya simu, nikaishikilia pembeni ya nepi, siyo juu, pembeni kabisa. Zilikuwa zinameta. Vijisindano vidogo mno, vifupi kuliko kope, vimejichomeka kwenye kitambaa. Shuka hivyo hivyo. Na godoro.

Ile ni mikwaruzo na michomo ya vipande vya kioo kwenye ngozi ya kichanga. Haiambukizi. Haiponi kwa poda, na dawa ya upele ingemuongezea moto juu ya moto. Inapona ukiviondoa.

Naandika hapa tulichofanya, mama mwenye mume fundi wa faiba, wa matanki, au wa mabati ya faiba, aihifadhi.

Kwanza, usimsugue. Ukisugua unavizamisha. Usimwogeshe kwenye beseni akakalia maji, maana vijisindano vinabaki kwenye maji hayo hayo na kumrudia. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kila siku. Mmwagie maji ya uvuguvugu yanayotiririka, kwa jagi, kuanzia juu kwenda chini, na sabuni ya kawaida. Mkaushe kwa kugusa gusa, na taulo ambalo halikuwa nje.

Pili, plasta. Ile ya gundi tunayobandikia bandeji. Bandika taratibu sehemu inayowasha, uitoe. Kwa kichanga tumia yenye gundi hafifu, na usibandike palipochubuka. Niliitazama kwenye tochi, ikawa inameta.

Tatu, nguo. Usizifue pamoja na za wengine, nyuzi zinahama. Suuza kila moja peke yake kwa maji mengi, kisha usuuze na beseni lenyewe. Mimi nepi zote kumi na mbili nilizitupa. Kwa mshahara wangu iliniuma, lakini sikutaka kubahatisha.

Nne, usifagie kavu. Mwagia maji kwanza, au pangusa kwa kitambaa kibichi. Ukifagia kavu unalirusha upya, na safari hii linaingia puani.

Na kama mtoto anahema kwa shida, anakohoa mfululizo, au jicho halifunguki, hayo si ya kutibu nyumbani. Jicho lisafishe kwa maji safi yanayotiririka na uende naye kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Usiku wa kwanza baada ya hapo alilala saa sita mfululizo. Baada ya siku nne ngozi ilikuwa imetulia.

Zile barakoa za buluu nilizogawa kwa mbwembwe hazizuii vumbi laini la msasa. Pembeni ziko wazi. Zinazofaa ni zile ngumu zenye kamba mbili zinazobana usoni. Sasa nimejua.

SEHEMU YA 5

Wengi mmeuliza baba watoto alisemaje. Nitasema ukweli, tuligombana. Yeye alisema ni vumbi tu, yeye amekulia kwenye vumbi. Mimi nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa, na laki tano yangu ikaingia humo humo. Siku mbili hatukuongea. Boti imelala uani, ubavu mmoja umechunika, mwingine umepauka, na mwenye vizimba anakuja baada ya siku nane.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa mwaloni. Huyu alifanya kazi kwenye vyombo vya faiba miaka mingi. Shemeji alimfuata, na sharti lake la kwanza lilikuwa boti itoke pale kwenye watoto. Ikabebwa kurudi Kigongo, ikawekwa kwenye kivuli cha banda, mbali na akina mama wanaoanika dagaa. Nikaenda Jumapili na mtoto mgongoni, nikakaa upande upepo unakotokea. "Shikamoo mzee." "Marahaba, ng'wanawane. Huyu ndiye aliyekula faiba?" Nilicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Akachukua kopo la maji, akaumwagia ubavu wa kushoto, ule ambao haukuguswa na grainda. Jamani, ile buluu ilirudi! Iliyokolea kabisa, kama mpya. Baada ya dakika chache maji yakakauka, ikapauka tena. Akasema, "Umeona? Rangi ipo. Ikilowa ikarudi, ngozi bado iko hai. Kilichokufa ni cha juu tu."

Jua ndilo linalofanya hivyo. Sisi huku tuko kusini kidogo tu ya ikweta, jua la mchana linapiga wima. Miaka kwa miaka linaiunguza jelikoti juu juu, ile sehemu inageuka unga, na unga ndio unaoonekana mweupe. Kwa hiyo unachotakiwa kuondoa ni unga peke yake.

Nikamwambia mzee, hii ni kama mkorogo. Dada anaona uso umefubaa, anapaka dawa ya kuchubua, wiki mbili uso unang'aa. Kumbe amekula tabaka la juu, na kila akirudia linapungua, mwisho ngozi inabaki nyembamba, jua linaichoma, kidonda hakiponi. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini na bado naviona kwenye mikoba kliniki. Mzee akasema, "Basi grainda ndiyo mkorogo wa boti." Neno hilo nimelibeba mpaka leo.

Alivyofanya yeye ni hivi.

Siku ya kwanza aliosha tu. Maji, sabuni ya unga, brashi laini. Ukoga wa kijani ukatoka, mafuta ya injini yakatoka. Lile doa la kahawia la mstari wa maji na kutu alivipaka juisi ya limau nyingi, akaacha dakika kadhaa, akasuuza, akarudia. Palipokuwa sugu akatumia dawa ya asidi ya kutolea kutu, na glovu mkononi. Hapo nikamkatisha kama nesi, maana shemeji alikuwa anakuja na jiki ili doa litoke haraka. Mama zangu, jiki na limau, jiki na siki, jiki na dawa ya kusafishia choo, visikutane kamwe. Vikikutana vinatoa gesi inayobana kifua na inaweza kuua. Hata bafuni kwako.

Siku ya pili, msasa. Siyo mkavu. Msasa wa maji, namba 800, kwa mkono, umezungushiwa kipande cha mpira, na maji yanamiminika muda wote. Vumbi halikuruka hata chembe, lilishuka kama maziwa ya chokaa. Kila baada ya muda anasimama anaangalia: yale maji yakianza kuwa ya buluu sana, anaacha, maana sasa anakula ngozi nzima. Kisha namba 1000, kisha 1500, kila moja ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Penye unga kidogo hakugusa msasa kabisa.

Siku ya tatu, dawa ya kusugulia ya mafundi rangi wa magari, ile nzito kama dawa ya meno, kwa kitambaa cha pamba, eneo dogo dogo, asubuhi kabla jua halijawa kali. Kisha ile laini. Kisha nta, mara mbili. Nta ndiyo inayokinga jua. Bila nta, anasema, baada ya miezi michache unga unarudi, nawe unarudi na msasa, na kila ukirudi ngozi inapungua.

Jambo moja lilinitia wasiwasi. Msasa wa maji unataka maji mengi, na vijana walikuwa wanataka kuisukuma boti ziwani wasimame humo humo wakisugua, watoto wa mwaloni wakisaidia. Nikasema hapana. Maji ya kina kifupi kando ya ziwa, penye konokono na majani, ndipo kichocho kilipo. Mdudu wake anapenya ngozi nzima bila wewe kuhisi. Huku kwetu tunatibu watoto wanaokojoa au kujisaidia damu, na wengine ini limeshavimba. Tukachota maji ya bomba kwenye pipa. Ukikosa bomba, maji ya ziwa yaliyokaa kwenye pipa lililofunikwa siku mbili ni salama zaidi kwa kichocho, maana wadudu hao wanakuwa wamekufa. Na yale maji meupe ya msasa tuliyamwaga kwenye shimo, siyo ziwani.

SEHEMU YA 6 (mwisho)

Ubavu wa kushoto ulitoka kioo. Ukisimama unajiona. Gharama yake yote ilikuwa misasa, makopo mawili ya dawa, nta, malimau na posho ya mzee. Haikufika laki moja na nusu.

Ubavu wa kulia ndio uliotukamua. Pale nyuzi zilipotokea hapasuguliki, ni lazima uvae ngozi mpya. Mzee akalaza mkeka mwembamba wa faiba na utomvu, akasubiri ukauke, akasawazisha, kisha akapaka jelikoti mpya. Rangi ilichanganywa kwa macho. Buluu mpya na buluu ya miaka kumi na kitu haziwezi kufanana, hata ufanyeje. Kiraka kinaonekana mpaka leo. Upande huo peke yake ulikula zaidi ya mara tatu ya ule mwingine.

Kwenye kazi hiyo ndipo penye hatari kubwa kuliko yote niliyowaandikia, naombeni msome polepole.

Jelikoti na utomvu wa faiba havikauki vyenyewe. Vinachanganywa na hadina, maji maji yasiyo na rangi, kidogo sana, kama asilimia 2. Hadina ya faiba ikirukia jicho inaweza kulipofusha. Hakuna kusubiri, hakuna kupuliza. Ni maji safi yanayotiririka, palepale, dakika 15 na zaidi, jicho limefunguliwa kwa vidole, kisha hospitali hata kama maumivu yamepungua. Anayeichanganya avae miwani ya kazi. Na yule mwenye mimba akae mbali na harufu ya utomvu huo, barakoa ya vumbi haiizuii.

Sasa sikilizeni. Siku ile mwaloni, vifaa vya mzee vilikuwa kwenye meza. Utomvu kwenye kopo, asetoni kwenye galoni dogo, na hadina kwenye chupa ya soda. Chupa ya soda ya nusu lita, kifuniko chake, kikaratasi chake. Dukani wanapima kidogo kidogo, mteja anakuja na chupa yake, ndivyo wanavyouza. Binti yangu wa miaka minne alikuwa amesimama mbele ya meza ile. Hakugusa. Aligeuka akaniambia, "Mama, nina kiu."

Miguu iliniisha nguvu. Nilimvuta nikamkumbatia, mzee akainuka bila kuambiwa, akaichukua chupa akaipandisha juu kwenye paa la banda. Baadaye akaimimina kwenye chombo cha plastiki kilichokuwa cha dawa yenyewe, akaandika kwa makapeni: SUMU. Aliniambia yeye hajui kusoma vizuri ila herufi hizo anazijua.

Zahanati tunaletewa watoto waliokunywa mafuta ya taa, dawa ya mifugo, maji ya betri, na karibu kila mara chupa ni ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hawezi kusoma akilini mwa mtu mzima. Anachojua ni kwamba chupa ile ina kitu kitamu. Ikitokea, usimtapishe. Kilichomuunguza kikishuka kitamuunguza tena kikipanda. Mbebe, beba na chupa yenyewe, kimbia kituo cha afya.

Mwenye vizimba alikuja siku aliyosema. Aliuangalia ubavu wa kushoto akafurahi, akauangalia wa kulia akauliza kiraka ni cha nini. Baba watoto akamweleza yote, mpaka habari ya nepi. Alichukua boti, ila alishusha bei ya mwezi kwa elfu thelathini kwa ajili ya kiraka. Tukakubali. Laki tano yangu inarudi taratibu, jiko bado la nyasi.

Baba watoto siku moja alinikuta nimekunja nepi mpya. Akachukua moja, akaenda dirishani, akaiwekea tochi pembeni kama nilivyomfundisha. Hakusema kitu. Akaikunja akairudisha. Mimi niliyapokea hayo kama msamaha.

Kwa hiyo mama zangu, boti, tanki, hata kiti cha faiba kikipauka, mwagia maji kwanza uone kama rangi inarudi. Ikirudi, kazi ni ya mkono, maji na subira. Ifanyike mbali na kamba ya nguo. Akirudi kutoka kazini, avue nje, aoge, ndipo ambebe mtoto. Na leo usiku kabla hujalala, zunguka nyumbani kwako uangalie chupa za soda zina nini ndani.

Yule mama wa juzi kliniki, swali langu lilikuwa, "Uani kuna kazi gani?" Mume wake anatengeneza matanki. Mtoto anaendelea vizuri.

Kesho turudi kwenye uji.

Ni mimi, muuguzi wenu wa Misungwi.